Upara wa Kashata

Nyumba yetu hapa Leeds tunaishi wanne: wawili wa Mombasa, mmoja wa Pemba na mmoja wa Morogoro. Wa tano ni Kashata, paka jike tuliyemrithi kwa wapangaji waliotutangulia.

Mwezi wa Oktoba manyoya yake yalianza kunyofoka mgongoni karibu na mkia, kisha tumboni na mapajani. Ukimpapasa, ulihisi vipele vidogo kama chembe za chumvi. Usiku kucha alijilamba. Kila mmoja wetu alikuwa na lake: huyu alisema ni chakula cha bei rahisi, yule baridi, mwingine upweke. Mwenzetu wa Pemba alisema ni husda, tukacheka. Neno viroboto hakuna aliyelitamka, ingawa wawili wetu tulikuwa tukijikuna miguu.

Tulinyamaza kwa sababu ya aibu. Tulivyolelewa, nyumba yenye viroboto ni nyumba ya wachafu, na nyinyi wanachama wenzetu mlikuwa mkija kwetu kila Ijumaa kunywa chai. Mlipouliza, tuliwajibu kwamba paka hupukutika manyoya majira yakibadilika.

Tukamtibu kimyakimya. Tulimpaka mafuta ya nazi, akayalamba yote. Kisha tukanunua dawa ya matone ya mbwa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko ya paka. Tulikuwa tumeshaifungua, Kashata amepakatwa, ndipo mmoja wetu akasoma maandishi madogo ya pakiti: isitumike kwa paka. Ndani mlikuwa na pemethrini. Mbwa huihimili, lakini ini la paka haliwezi kuivunja vizuri; hutetemeka, hupatwa na degedege, na huweza kufa. Tuliirudisha kofia ya chupa bila kusema neno.

Kesho yake tulichanga pesa, tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Alimchana kwa kitana chenye meno ya karibukaribu, akakung'uta vidoa vyeusi juu ya karatasi nyeupe iliyoloa maji. Vidoa vikageuka rangi ya kutu. Ni choo cha kiroboto, akatwambia, yaani damu iliyokwisha kusagwa tumboni mwake. Kiroboto mwenyewe hatukumwona, kwa kuwa paka humeza wengi anapojilamba. Kashata ana mzio wa mate ya kiroboto, na akiumwa mara chache tu anawashwa siku nyingi. Manyoya hayakuwa yakidondoka yenyewe; alikuwa akiyang'oa kwa ulimi na meno. Alipigwa sindano ya kutuliza mwasho, akapewa matone ya paka ya kutiwa kisogoni kila mwezi, na dawa ya minyoo, maana kiroboto aliyemezwa huweza kuleta tegu.

Kazi kubwa ilibaki zuliani. Kiroboto hutaga juu ya paka, lakini mayai huanguka popote paka anapolala. Buu likitoka hujificha gizani ndani ya nyuzi za zulia, kisha hujifungia katika kifuko ambacho dawa haikipenyi kwa urahisi, likangoja wiki au hata miezi. Nyumba zetu za huku, zenye joto la mitambo wakati wote wa baridi, huwafaa sana. Tukafyonza vumbi kila siku, hata chini ya makochi, na kufua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, miezi mitatu mfululizo.

Katika mkutano wa Novemba tuliwaeleza ukweli. Mwalimu mmoja akacheka: "Hata kwangu walikuwapo mwaka jana." Wanachama wawili wakatufuata pembeni kuuliza anwani ya daktari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi tuliyaficha, na kifo kilikaribia kumwangukia asiyeweza kusema. Sasa mgongo wa Kashata umefunikwa na manyoya mapya, mafupi na laini. Chai ya Ijumaa iko palepale. Akiwarukia mapajani, msimfukuze.