Kuuliza Njiani

Msomaji kijana, huenda siku moja utakuwa na motokaa yako mwenyewe, au utapanda ya mwenzio katika safari ndefu. Siku hiyo ikifika, nakuomba uikumbuke habari hii, maana mimi niliinunua kwa bei kubwa na wewe unaipata bure. Si habari ya ushujaa. Ni habari ya mwalimu aliyedhani anajua, akakwama kwa sababu ya dhana yake, akaokolewa na watu ambao hawakukaa darasani hata nusu ya miaka aliyokaa yeye.

Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa 2013. Nalikuwa na umri wa miaka 24, nimetoka chuo cha ualimu karibuni, nikifundisha hesabu na sayansi mjini Garissa. Mimi ni mzaliwa wa pwani, na nchi ile ilikuwa ngeni kwangu. Mji wa Garissa uko ukingoni mwa Mto Tana, na ukiuacha mto nyuma yako, huoni tena ila mchanga, migunga, na swala twiga wakisimama kwa miguu ya nyuma kuyafuata majani ya juu. Machi ni mwezi wa mwisho kabla ya mvua za masika. Joto la mchana hupita digrii 35, na kivuli huwa na thamani kama fedha.

Nalikuwa na motokaa kuukuu niliyoinunua kwa mkopo, nami nikijivunia sana. Basi mwalimu mwenzangu akaniomba nimchukue mama yake kutoka Dadaab, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 100 kutoka Garissa, uliojulikana duniani kwa kambi za wakimbizi zilizoanza mwaka wa 1991. Nilipofika, nilikuta abiria si mmoja bali watatu: bibi mzee, binti yake, na mtoto mchanga wa miezi mitatu aliyeshikwa na homa, ambaye ilikuwa lazima afikishwe hospitali ya Garissa siku ile ile. Tukatia garini jerikeni moja ya maji ya kunywa, lita 10, tukaondoka baada ya adhuhuri.

Siku hizo sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa mchanga na changarawe. Penye ardhi ngumu tulikwenda vizuri. Lakini tulipoingia mchanga mwingi, gari likawa linakwenda kwa kutambaa, nami nikaona mshale wa joto unapanda, unapanda, mpaka ukagusa alama nyekundu. Mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nikasimama.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Juma lililotangulia nalikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba maji yaliyobanwa hayachemki kwenye digrii 100. Kifuniko cha rejeta hufanya kazi hiyo hasa: huyabana maji yakaweza kuvumilia mpaka karibu digrii 120 bila ya kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa ghafula, mbano huondoka, na maji yote hugeuka kuchemka mara moja. Haya niliyaandika ubaoni kwa chaki, kwa mwandiko mzuri. Kisha nikachukua kitambaa, nikakifungua kifuniko cha rejeta ingali moto. Maji yakaruka kama chemchemi, yakaniunguza kifundo cha mkono. Kovu ninalo hata leo. Elimu niliyokuwa nayo ilikuwa ubaoni tu. Haikuwa imefika mkononi.

Kosa la pili likafuata la kwanza. Sikungoja injini ipoe, wala sikutafuta sababu. Nilijiambia, "Rejeta imetoboka," nikaichukua jerikeni ya maji ya kunywa, nikamimina. Tulikwenda kama kilomita tatu, mshale ukapanda tena, nikamimina tena. Mara ya tatu nilipoitikisa jerikeni, palibaki maji kiasi cha vikombe viwili. Nikageuka. Nikamwona yule mama ananitazama, mtoto kifuani pake. Hakusema neno. Laiti angalinitukana, ningalipata nafuu. Mama anayenyonyesha asipokunywa, mtoto naye hukosa. Nami nalikuwa nimeyamwaga maji yao mchangani.

Magari mawili yakatupita bila ya kusimama. Nikayalaani moyoni. Baadaye niliambiwa nisiwahukumu upesi, kwani tangu majeshi ya Kenya yaingie Somalia mwezi wa Oktoba 2011, njia zile zilikuwa zimeingiwa na hofu, na dereva aonaye gari limesimama peke yake porini hawezi kujua kama ni msiba au ni mtego. Hofu huwafanya watu wema wafanane na watu wabaya.

Gari la tatu, dogo na safi, likasimama. Mwenyewe alikuwa mtu wa haraka, mwenye maneno mazuri. Alichungulia mara moja akasema, "Ni themostati hiyo. Ing'oe uitupe." Nikaona ni shauri zuri, nikaanza kutafuta spana. Wakati huo huo likatufikia lori lililobeba mizigo, akashuka dereva mzee mwenye ndevu za hina, pamoja na utingo wake, kijana wa rika la wanafunzi wangu. Utingo alimwita mzee yule "adeer", neno la Kisomali lenye maana ya ami, ambalo vijana hulitumia kwa heshima hata kwa asiye ndugu wa damu.

Mzee aliamkiana na bibi kwanza, akauliza hali ya mtoto, akaamuru utingo alete maji ya kunywa. Yule bwana wa gari dogo naye akatoa chupa mbili baridi. Abiria walipokwisha kunywa ndipo mzee akanigeukia.

"Mwalimu, gari lina nini?"

"Rejeta imetoboka," nikajibu.

"Sikukuuliza ugonjwa. Nimekuuliza dalili. Lilianzaje?"

Akaniuliza maswali, moja moja, bila ya kuligusa gari. Penye njia ngumu, nikienda kasi, mshale ulikuwaje? Nikasema ulitulia. Na penye mchanga, nikienda polepole? Nikasema ulipanda. Kabla ya siku ile nilikuwa nikiongeza maji mara kwa mara? Nikasema la. Akamwambia utingo alale chini atazame kama pana matone. Hapakuwa na tone. Kisha akauliza, "Feni umeisikia ikivuma?" Nikanyamaza. Sikuwa nimesikiliza.

"Basi," akasema, "gari likienda kasi, upepo wa njia huipoza rejeta. Likienda polepole upepo hakuna. Kazi hiyo ni ya feni. Gari lako lina afya likienda kasi na homa likienda polepole. Themostati ikikwama isifunguke, haichagui kasi wala polepole. Tazameni feni."

Msomaji, angalia jinsi mzee yule alivyofikiri. Hakuwa na chombo chochote mkononi. Kwa maswali matano alikuwa amekwisha kuyaondoa makosa mengi yasiyohusika, akabaki na moja.

Utingo akalifungua kasha la fyuzi. Ndani ya kifuniko chake mlikuwa na picha na vifupisho vya herufi. Kijana akanipa kifuniko kile, akasema bila ya haya, "Mimi sijui kusoma, Mwalimu. Wewe soma, mimi nitazame." Nikasoma, naye akachomoa fyuzi niliyomtajia, akaiinua juani. Uzi wake wa ndani ulikuwa umekatika. Kitu chenye ukubwa wa kucha ndicho kilichokuwa kikitaka kutuangamiza.

Bwana wa gari dogo akatoa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, akasema tuizungushie ile fyuzi, tuondoke. Mzee akakataa kwa upole. "Fyuzi ni mlinzi. Mlinzi akiuawa, usimweke kipofu mahali pake. Tafuta kwanza nani amemwua." Kweli, utingo akaufuata waya wa feni kwa vidole mpaka akapata mahali ulipokuwa ukisuguana na ncha ya chuma. Mtikiso wa njia ulikuwa umeula mpira wake, waya ukawa uchi. Tungalitia karatasi ile, umeme ungalipita bila ya kizuizi, na huenda gari lingaliwaka moto pamoja nasi. Tukaufunga waya kwa utepe, na utepe huo alitoa bwana yule yule wa gari dogo. Hivyo shauri lake la kwanza halikufaa, wala la pili, lakini mkono wake ulifaa mara mbili.

Fyuzi mpya hatukuwa nayo. Mzee akaniagiza nisome tena kifuniko, nitafute nyingine yenye nambari ile ile. Nikaipata: ilikuwa ya kupasha moto kioo cha nyuma kisiingie ukungu. Wote tukacheka, hata bibi. Nani Garissa amehitaji kupasha kioo moto? Tukaihamisha. Utingo akaunganisha, feni ikavuma.

Tukangoja injini ipoe kabisa, maana maji baridi yakimiminwa katika chuma chenye moto mkali huweza kukipasua. Kisha utingo akaleta jerikeni nyingine, yenye maji ya tope ya lambo la mifugo. "Haya ndiyo ya gari," mzee akasema. "Yale mengine ni ya watu. Ukifika mjini uisafishe rejeta. Lakini usisahau, Mwalimu: maji ni ya watu kwanza, kisha ya gari." Nami sijasahau.

Lori lilitufuata nyuma mpaka Garissa. Tulifika baada ya magharibi, mtoto akapokewa hospitali, na daktari akasema tumewahi. Nilipotaka kumlipa mzee, alikataa fedha, akamwonyesha utingo wake. "Nilipe kwa huyu. Tukilala Garissa, mfundishe herufi." Alikuja kwangu mara nne tu, kwa kuwa lori halina makao. Mara ya nne alikisoma kifuniko cha kasha la fyuzi tangu juu mpaka chini, akaketi kimya kwa muda mrefu.

Sasa, msomaji wangu, nikuachie niliyoyapata.

La kwanza, gari likiharibika, taja dalili wala usitaje hukumu. Sema umeona nini, umesikia nini, umenusa nini, na ilianza lini. Ukiwasha gari likalia "tak" moja na taa zikafifia, sema hivyo, na mwenye kujua atatazama betri na vichwa vyake, ambavyo mara nyingi huwa na unga wa kutu tu. Moshi mweusi ni habari ya mafuta yanayozidi. Moshi wa buluu ni habari ya oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma injini ikisha kupata moto ni habari ya maji yanayoingia pasipo pake. Ukificha dalili kwa kuona haya, unalificha gari lisipone. Mficha maradhi kifo humuumbua.

La pili, pokea mashauri yote, lakini uyapime. Mwulize mshauri, "Kwa sababu gani?" Mwenye sababu atakueleza, asiye nayo atakasirika. Anza na jambo jepesi lisiloharibu kitu, ndipo uende kwenye zito. Kuivuta fyuzi na kuitazama ni kazi ya dakika moja. Kung'oa themostati ni kazi ya nusu siku.

La tatu, usimpime mshauri kwa nguo wala kwa cheti. Wafugaji wa nchi ile, tangu zamani wakutanapo njiani, hupeana habari za maji, malisho na usalama. Salamu yao yenyewe, "Iska warran", ni kumtaka mwenzio atoe habari zake. Madereva wameirithi desturi hiyo: hupunguza mwendo, hushusha kioo, huulizana, "Mbele vipi?" Mwezi wa Novemba 2023, mafuriko ya Tana yalipoikata njia ya Madogo, ng'ambo ya mto, habari za namna hiyo ndizo zilizomwambia msafiri kama asubiri, arudi, au atafute mashua. Aliyetoka mbele ndiye mwalimu wa anayekwenda mbele.

Na la mwisho si la magari. Niliporudi darasani Jumatatu ile, mkono umefungwa bendeji, palikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akishindwa hesabu kila wiki, nami nimekwisha kumhukumu moyoni kuwa ni mvivu. Siku hiyo nilikaa kando yake, nikamwuliza kama mzee alivyoniuliza: "Lilianzaje? Ni wapi ulipokuwa ukienda vizuri, na ni wapi ulipoanza kukwama?" Akanionyesha mahali. Palikuwa padogo sana, kama fyuzi. Nalikuwa nimemmiminia maji mwaka mzima bila ya kumwuliza.