Kawia Ufike

Sisi wa Rusimbi tukisafiri kwa ndege hupandia uwanja wa Kigoma. Siku moja tulipanda asubuhi. Injini moja ikakataa kuwaka. Tukateremshwa, tukamngoja fundi aje kwa ndege nyingine.

Mzee mmoja alikuwa anakwenda Dar es Salaam kumzika mdogo wake. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, asingewahi. Watu walifoka. Rubani akajibu kwa upole, "Huko juu hakuna pa kusimama."

Tuliondoka jioni. Mzee hakuwahi maziko, lakini sote tulifika salama.

Ziwa Tanganyika nalo lina kina cha mita 1,470. Ndugu wavuvi, kabla ya kwenda kuvua dagaa, kagueni injini, mafuta na maboya ya kujiokolea. Injini ikiwa mbovu, msiondoke.