Pikipiki Inayokataa kwa Kichwa

Ndugu msomaji, kama umekulia mjini kama wengi wetu tunaosoma kurasa hizi, pikipiki kwako ni kelele za alfajiri na mishikaki ya watu watatu wanaokatiza kwenye foleni. Bodaboda tumeiandika sana, tena kwa dharau. Dereva ni mhuni, abiria ni binti anayedanganywa kwa chipsi, hadithi inaishia hospitali. Sijaona hata mmoja wetu aliyeandika kuhusu gololi. Leo naomba niandike kuhusu gololi.

Yaeda Chini iko wilaya ya Mbulu, katika mkoa wa Manyara, ule uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Unatoka Mbulu mjini kwenye baridi na mashamba ya vitunguu swaumu, halafu barabara inaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, mawe juu ya mawe, korongo baada ya korongo, mpaka unaifikia joto na mibuyu. Huko wanaishi Wahadzabe, ambao mwaka 2011 walipewa hati ya kimila ya ardhi yao, na Wadatoga na ng'ombe wao, na Wairaqw walioshuka kutoka juu na majembe. Katikati ya bonde kuna mbuga. Masika inajaa maji, na dereva anaizunguka kwa mbali. Kiangazi inakauka ikawa tambarare kama sakafu, na mtu aliyeteseka kwenye mawe saa nzima hawezi kujizuia asifungulie mafuta.

Pale ndipo pikipiki ya mtoto wa shangazi yangu ilipoanza kutikisa kichwa.

Huyu ndugu yangu anaendesha kwa mkataba. Kwa wasioujua: mwenye mali ananunua chombo, dereva anamletea shilingi 10,000 kila siku iendayo kwa Mungu, awe amepata abiria au hakupata, na miezi ikitimia chombo kinakuwa cha dereva. Alikuwa amebakiza miezi minne. Mtu wa mkataba akikosa abiria wiki moja tu, deni linaota meno. Na abiria walikuwa wameanza kumkimbia, maana habari kijijini haihitaji vocha. Ile ya mwenye kofia nyekundu inatikisa kichwa, usiipande na mtoto! Wengine wakasema imerogwa. Mwenye mali aliposikia, akatuma neno kwamba mwisho wa mwezi anaichukua, anampa dereva mwingine. Miezi yote ile ya jasho, kwaheri.

Nilikuwa nimeteremka kumsalimia shangazi, nikapakiwa pamoja na gunia. Kwenye mawe tulipita salama. Tukaingia mbugani, mshale ukapita 60. Kwenye 65 hivi usukani ukaanza kwenda kushoto na kulia, kwanza kidogo, kama mtu anayekataa chai kwa adabu, halafu kwa nguvu, kama mtu anayekana kesi mahakamani. Haraka mno, huwezi kuhesabu. Nikaiona mikono ya ndugu yangu inachezeshwa kama ya mtoto.

Breki hakuigusa. Aliachia mafuta taratibu, akainamia tangi, akalibana kwa magoti, mikono akailegeza. "Kaka," akasema bila kugeuka, "njoo mbele, nilalie mgongoni, usitikisike." Mshale ukarudi nyuma kidogo kidogo. Kwenye 40 ile kitu ikaacha, kama haikuwa yenyewe.

Hakuna aliyemfundisha. Kumbe ndivyo wataalamu wanavyosema: ukiubana usukani kwa nguvu, mikono yako inaweza kuurudishia mtikisiko badala ya kuuzima, ukikamata breki ya mbele ghafla, uzito unalirukia gurudumu ambalo tayari limechanganyikiwa. Achia mafuta, peleka mwili mbele, acha mwendo ufe wenyewe.

Lakini kwa nini inatokea? Ndugu msomaji, umewahi kusukuma kitanda cha wagonjwa chenye magurudumu madogo? Ukikisukuma polepole, gurudumu linafuata. Ukikisukuma mbio, moja linaanza kupiga kushoto kulia kama lina wazimu. Gurudumu la mbele la pikipiki ni la ukoo huo. Linagusa ardhi nyuma kidogo ya pale mstari wa shingo ya usukani ungegusa kama ungeuchora hadi chini, na kwa sababu hiyo linaburutwa, na linaloburutwa hupenda kunyooka. Likisukumwa pembeni na jiwe linarudi katikati, linapitiliza, linarudi tena. Pikipiki nzima ya afya inaumeza mchezo huo kabla hujauhisi. Mwendo ukikuta kitu kimelegea, mchezo haumezwi, unakua. Mhandisi wa Uingereza aitwaye Robin Sharp aliuandikia hesabu zake mwaka 1971, akatenganisha magonjwa mawili ambayo vijiweni tunayaita yote "kuyumba". La kwanza ni la usukani peke yake kutikisika, mara nne mpaka kumi kwa sekunde. La pili ni la pikipiki nzima kupunga kama mkia wa samaki, polepole zaidi, mara mbili mpaka nne kwa sekunde. Shika hiyo tofauti, itatufaa mbele.

Kabla sijafika, ndugu yangu alikuwa ameshatibiwa na kijiwe kizima. Mmoja alimwambia tairi, akanunua tairi ya mbele mpya. Ikatulia siku mbili. Mwingine akamwambia shokapu, akapanda Mbulu mjini kununua shokapu za duka moja nisilolitaja; zilivuja kabla hazijamaliza mwezi. Wa tatu, kijana anayetazama sana video, akataka kumchomelea dampa ya usukani kama ya pikipiki za mashindano. Dampa ni kitu halali, lakini kwa chombo kibovu ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kichwa tu. Hela yote hiyo ilikopwa kwa shangazi, nami nilimwona shangazi alivyokuwa anaitazama ile pikipiki. Si mtazamo ninaoweza kuuandika.

Tukaenda kwa fundi mzee aliyeanzia kwenye baiskeli. Tukamwamkia shikamoo babu, akaitikia huku anaitazama pikipiki, si sisi.

"Nunua nunua imeisha?" akauliza.

"Imeisha, babu. Hela ndiyo imeisha."

"Basi sasa tunaweza kuanza."

Akaisimamisha kwenye stendi kubwa, akaweka jiwe chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaning'inia. Akachuchumaa, akashika foko mbili chini kabisa, akazivuta kwake na kuzisukuma. Kok. Akanipa nishike mimi. Ndugu msomaji, ile "kok" ni ndogo sana, huwezi kuisikia injini ikiwaka, lakini mkononi inafika kama meno yaliyolegea. Kisha akausogeza usukani polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa kidole kimoja. Ulipofika katikati ukajikita, kama umeingia kwenye shimo. Na kweli ni shimo. Alipoifungua shingo, gololi zilikuwa kavu, grisi imekuwa vumbi, na kwenye vikombe vyake kulikuwa na vidonda vidogo vimepangwa duara, kimoja kwa kila gololi. Mawe ya ule mteremko yalikuwa yamezipigilia gololi pale pale, safari baada ya safari, kama nyundo.

Hapo nikaelewa jambo lililonisumbua tangu mbugani: kwa nini chombo kigome mahali barabara ni nzuri? Mlima ndio unaoharibu, ila kule juu unakwenda 20, ugonjwa haupati nafasi ya kusema. Unashuka nao kimya mpaka kwenye sakafu ya mbuga, pale unapojisikia salama na kufungua mafuta. Watu wa kijijini walikuwa wanaisema mbuga, ati ina jini. Maskini, mbuga ilikuwa shahidi tu.

Babu hakuishia kwenye shingo. Mafundi wa mjini wengi wakipata kosa moja wanakunja vifaa na kudai hela. Yeye alishika gurudumu la nyuma akalisukuma pembeni. Bushi za ule mkono unaolishika zikacheza kidogo, akasema zitavumilia mpaka mavuno. Akagonga spoku moja moja kwa spana: zilizokaza zililia ting, nne zikasema tap. Akazikaza robo kwa robo, huku ameegemeza kijiti karibu na ringi aone kama inapita sawa. Kisha akachukua uzi, akaunyoosha kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele, upande huu na upande ule. Tairi ya nyuma ilikuwa inatazama pembeni. Aliyekaza cheni mara ya mwisho alizungusha nati ya kulia zaidi ya ya kushoto, basi pikipiki ikawa inakwenda mbele huku inataka kwenda kwa jirani. Kuirekebisha hakugharimu hata senti.

Koni mpya na gololi zilikuwa shilingi 15,000. Kazi ilikuwa kwenye kukaza. Ukilegeza, kok inarudi. Ukikaza mno, usukani unakuwa mzito na pikipiki inatembea kama mlevi anayejaribu kunyooka. Babu alikaza, akausukuma usukani kidogo, akauacha uanguke wenyewe upande kwa uzito wake, akaukaza tena kidogo, akaurudia. Mara sita nilihesabu. Mwisho upepo: psi 25 mbele na 32 nyuma, kwa kipimo na si kwa kidole gumba. (Wewe tazama kitabu cha chombo chako, kila kimoja kina namba zake.)

Tukaijaribu mbugani bila mzigo. 60. 65. 70. Usukani umetulia kama maji mtungini. Ndugu yangu alipiga yowe, nami nikapiga, noma kabisa.

Kesho yake akapakia magunia mawili ya mahindi, kama kawaida, kwenye ile keria aliyoirefusha kwa nondo. Akarudi uso umeanguka. "Kaka, bado."

"Kichwa?"

Akafikiri. "Hapana. Kichwa kimetulia. Sasa ni kiuno."

Nikamwambia kuhusu yule Mwingereza na magonjwa yake mawili, na kwa mara ya kwanza usomaji wangu ukasaidia ukoo. Tulikwenda kuitazama keria. Gunia la pili lilikuwa limekaa nyuma kabisa ya ekseli, juu, linaning'inia. Mzigo wa namna hiyo unainua pua, tairi ya mbele inagusa ardhi kwa wepesi, na mkia unapata nguvu ya kuamrisha. Hakuna spana ya kukaza hapo. Dawa ni msumeno.

Hapa ndipo palikuwa pagumu. Gunia la pili ndilo lililokuwa linalipa mkataba. La kwanza lilikuwa mafuta na chakula. Alizunguka ile pikipiki jioni nzima. Shangazi akatoka na kibatari, akasimama, akauliza, "Na mtoto wa watu ukimpakia unampakia wapi?" Kisha akarudi ndani.

Asubuhi alizikata nondo kwa msumeno wa chuma, gunia moja likabaki, limebanwa karibu na mgongo wake. Nauli ya gunia akaipandisha. Mteja wa kwanza alikuwa mama wa Kidatoga mwenye magunia mawili, akabishana naye kwa nusu saa, akamwita mwizi, akamkumbusha kwamba amemjua tangu ana kamasi. Mwishowe akafungua fundo la shuka lake akahesabu hela. Gunia la pili liliondoka siku iliyofuata.