Masika Yasiyo na Tarehe

Anayeishi kwa utalii Arusha anayajua masika. Aprili hadi katikati ya Mei barabara za hifadhini zinageuka tope, kambi nyingi zinafungwa, na sisi madereva wa safari tunaegesha magari na kurudi nyumbani. Halalamiki mtu, kwa sababu kila mmoja aliyaona yakija na akaweka akiba yake. Ninachotaka kushuhudia ni jinsi nilivyojifunza kuungojea mdororo wa uchumi kwa namna hiyohiyo, ingawa wenyewe hauna mwezi wake kwenye kalenda.

Mwaka 2014 ebola ilizuka Guinea, Liberia na Sierra Leone. Madrid iko karibu zaidi na Monrovia kuliko ilivyo Arusha, lakini wageni walisikia neno Afrika wakafuta safari. Oda za miezi iliyofuata zilipukutika ofisini kwetu mbele ya macho yangu. Nikaenda kumwona mzee aliyenifundisha kazi, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, nikamweleza hali ilivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unadhani hii ni ya kwanza?"

Akanihesabia. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Kabla ya hapo wageni wengi walitua Nairobi, wakaja kwetu kwa Namanga au wakavuka kutoka Maasai Mara kuingia Serengeti. Mlango huo ulipofungwa, madereva wa rika lake walikwenda kuendesha malori, wengine wakarudi shamba. Agosti 1998 yakaja mabomu ya balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Septemba 2001, New York. Mwaka 2008, mabenki ya Marekani. "Hakuna hata moja lililoanzia Serengeti," aliniambia. "Simba walikuwepo palepale."

Nilitoka kwake na swali ambalo limeongoza maisha yangu tangu hapo: mshahara ukikatika, ni kitu gani kingine kitakatika siku hiyohiyo?

Mimi na mke wangu tulikaa na daftari tukapitia kila shilingi iliyoingia nyumbani. Mshahara ulitoka kwa wageni. Tipu, ambazo katika kazi yetu mara nyingi huushinda mshahara, zilitoka kwa wageni. Chumba cha uani tulimpangisha dereva mwenzangu, kwa hiyo kodi nayo ilitoka kwa wageni. Nilikuwa ninafikiria kukopa ninunue Land Cruiser niikodishe kwa makampuni ya utalii, kama walivyofanya wenzangu wengi, na marejesho yangetegemea wageni walewale. Machoni pa watu nilikuwa na mirija mingi ya kipato. Kwenye daftari ulikuwa mmoja tu.

Kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ndicho kilichotushtua zaidi, kwa sababu tulikiona ndiyo kinga yetu. Wanachama wote tulikuwa madereva, wapishi wa kambini na wapagazi wa mlimani. Kikundi cha namna hiyo kinakwenda vizuri mtu mmoja anapofiwa au mtoto wake anapolazwa, maana wengine wanaendelea kuchangia. Ikija siku ambayo wote hawana kazi, kila mmoja anataka kukopa wiki ileile na hakuna anayerejesha. Pesa zipo kwenye vitabu, lakini ziko mikononi mwa watu wasio na kitu. Sikujitoa, kwa sababu wale ni ndugu zangu. Ila tangu mwaka huo akiba kubwa ya nyumba yetu iliwekwa kwingine: sehemu kwenye kikundi cha mke wangu cha wauza nafaka wa soko la Kilombero, sehemu kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ule wa Ukwasi, ambao mtu akitaka pesa yake anaipata ndani ya siku chache za kazi.

Kiasi cha kuweka tulikipima kwa masika yenyewe. Familia ya dereva wa safari inajua vizuri inaweza kuishi kwa shilingi ngapi Aprili, kwa kuwa imekwisha kuishi hivyo mwaka baada ya mwaka. Tukaichukua bajeti hiyo, tukaamua akiba yetu itoshe masika yanayodumu nusu mwaka, kisha mwaka mzima. Ada ya shule ya Januari tukaanza kuilipa Oktoba, tipu za msimu zikiwa bado mkononi. Mkopo wa gari sikuuchukua.

Upande wa kazi ulinichukua muda mrefu zaidi. Nilijiuliza ni ujuzi gani ninao ambao mtu asiyejua chochote kuhusu utalii anaweza kunilipa. Dereva wa safari analijua gari lake hadi bushi ya mwisho, maana springi ikivunjika katikati ya hifadhi hakuna wa kumpigia honi. Nikaanza kushinda gereji kila masika, nikijifunza kwa fundi mkuu kazi nilizokuwa ninazifanya kwa kubahatisha. Wateja niliowatafuta kwa makusudi ni wenye magari ya mashamba, ya parokia, ya hospitali, na wenye malori ya mahindi. Magari ya utalii sikuyakataa, lakini sikutaka gereji nayo ife siku ileile ambayo ningekosa kazi.

Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, na ni hapahapa Arusha. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18. Watalii, ambao mwaka 2019 walipita milioni 1.5, mwaka 2020 hawakufika laki saba. Nilipewa barua ya likizo bila malipo kama maelfu ya wenzangu. Masoko hayakufungwa, maharage ya mke wangu yaliendelea kuuzwa, na malori ya mahindi yaliendelea kuharibika. Tulikula chakula cha masika mwaka ule wote, na watoto hawakurudishwa nyumbani kwa ada.

Ile barua inastahili neno, kwa sababu iliwaumiza watu ninaowapenda. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, una mafao ya kukosa ajira kwa mwanachama aliyetimiza masharti, lakini aliyepelekwa likizo bila malipo kisheria bado ni mwajiriwa. Wengi waliitia saini bila kuuliza inawaacha wapi. Wengine waligundua wakati huohuo kwamba michango yao ilikuwa haipelekwi kikamilifu. Kwa hiyo ninamwomba kila mwenye ajira aombe taarifa yake ya michango leo, wakati mwajiri wake bado ana uwezo wa kurekebisha. Na mwenye mkopo aende benki kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Mwaka ule Benki Kuu iliyapa mabenki nafasi ya kupanga upya mikopo, na jirani yangu aliyewahi alipata ratiba mpya na gari lake analo hadi leo.

Watalii walipoanza kurudi, Warusi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaa, hasa Zanzibar, wakati masoko mengine bado yamefungwa. Kijana mmoja wa kampuni jirani aliyekuwa akijifunza Kirusi kwa miaka mingi alipata kazi huku wenzake waliojifunza Kiitaliano na Kihispania wakisubiri. Binti yangu, anayesomea utalii sasa, nimemshauri achukue lugha mbili za nchi ambazo chumi zake haziendi pamoja, na amekubali.

Kilichobaki ni bima ya afya. Kadi niliyokuwa nayo mwaka 2020 ilitegemea mwajiri, na mwezi ule mshahara uliposimama, nayo ilisimama. Kwenye kikoba chetu cha madereva tumekubaliana kwamba fungu la kwanza la kila msimu liende kwenye bima ya familia za wanachama, ilipwe mwaka mzima kabla Aprili haijafika. Fungu la msimu huu limekwisha kukusanywa, na wiki ijayo tunapeleka majina.