Vishale vya Penseli

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam mwezi Desemba 2008, na tulipomaliza kusalimiana akaniuliza: “Dada, huyo Hasheem mnamsifia nini hasa? Kila nikisoma, wapo wanaofunga kumzidi.” Nilikuwa Hartford, jimbo la Connecticut, mwaka wangu wa pili Marekani, na sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba ni mrefu sana.

Sisi wawili tumekulia Upanga, na jioni zetu nyingi ziliishia viwanja vya kikapu vya Don Bosco. Pale mizani ilikuwa moja: nani kafunga ngapi. Aliyetoka na pointi 20 alikuwa mchezaji, aliyetoka na 4 alikuwa kajazia timu. Mpira ukienda kulia, macho ya uwanja mzima yanaenda kulia. Mizani hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Connecticut, nikaikuta imepungukiwa mbele ya mtu wa kwetu. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alikuwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Connecticut. Kikapu alikianza akiwa na miaka 15, umri ambao wenzake wa Marekani walikuwa wameshakicheza nusu ya maisha yao. Makocha wa timu pinzani walimhofia kuliko mtu yeyote kwenye ligi yao ya Big East, na mimi nilitaka kujua kwa nini.

Chini ya chumba nilichopanga aliishi mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hakutazama mechi bila penseli mkononi na daftari mapajani. Nilikuwa nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo jioni ambazo sikuwa zamu nilishuka kwake na chupa ya chai. Siku ya kwanza nilimtajia timu iliyofunga pointi 80 kama mfano wa timu kali. Akaniuliza: “Binti, hizo 80 wamezipata kwa kushika mpira mara ngapi?”

Sikuwahi kufikiri kwamba kitu hicho kinahesabika. Akanionyesha. Kila timu inaposhika mpira mpaka unapohamia kwa wapinzani, iwe kwa kufunga, kupoteza au kunyang'anywa ribaundi, hiyo ni zamu moja. Ukitaka kuzikadiria kutoka kwenye karatasi ya mechi, chukua idadi ya mitupo, toa ribaundi za upande wa kushambulia, ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo ya adhabu ikiwa imezidishwa kwa 0.475, kwa sababu kwa kawaida faulo moja huleta mitupo miwili. Timu iliyofunga 80 kwa zamu 80 imepata pointi moja kila zamu. Iliyofunga 66 kwa zamu 60 imepata 1.1. Ya pili inatembea polepole na gazetini inaonekana butu, kumbe ndiyo inayofunga vizuri. Hesabu hizi hakuzibuni yeye. Mtakwimu wa kikapu Dean Oliver alikuwa amezieleza katika kitabu chake cha mwaka 2004, na Ken Pomeroy, mtaalamu wa hali ya hewa aliyekuwa akiishi Utah, alikuwa anazipanga kwa kila timu ya vyuo vya daraja la kwanza na kuziweka kwenye intaneti. Mwalimu alizichapisha kila Jumatatu na kuzibandika kwenye friji.

Daftari lake lilikuwa na safu nne, zile nguzo nne za Oliver: ubora wa mitupo, mipira iliyopotezwa, ribaundi za mashambulizi, na mitupo ya adhabu. Nikanunua langu, nikachora safu hizo hizo. Na ndipo nilipoona kwamba hata hapo Hasheem alikuwa hajapatiwa nafasi. Bloku zake zilihesabiwa, naam. Alimaliza msimu ule na wastani wa bloku 4.2 kwa mechi, pamoja na pointi 13.6 na ribaundi 10.8. Lakini kilichokuwa kinatokea uwanjani kilizidi bloku nne.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Mlinzi wa timu pinzani anampita mtu wake pembeni, njia nyeupe. Hatua moja, hatua ya pili, kiganja kimeshaingia chini ya mpira tayari kuunyanyua. Anainua macho. Anamwona Hasheem amesimama chini ya goli, mikono haijapanda hata. Kiganja kinageuka, mpira unarudi nje kwa mwenzake, saa ya mtupo ambayo wakati ule ilikuwa sekunde 35 imebakiza nane, na mwisho wake ni mtupo wa mbali wa kulazimisha unaogonga ubao. Karatasi rasmi itaandika: fulani kakosa mtupo wa pointi tatu. Jina la Hasheem halimo.

Nikachora safu ya tano. Kila mtu alipogeuka namna ile niliweka kishale kilichopinda, kama ndoano. Mwalimu alikitazama cha kwanza, akakitazama cha pili, akaniomba nimwazime daftari.

Sikuamini macho yangu mara moja, ndiyo maana nilianza kujaribu vishale vyangu kwenye mechi za timu ya wanawake ya chuo hicho hicho. Msimu ule, chini ya kocha Geno Auriemma, walicheza mechi 39 na kushinda zote 39. Nao ndio walionifundisha kumtazama mtu asiye na mpira. Maya Moore na Tina Charles walikuwa wameshafika mahali sahihi sekunde nzima kabla ya mpira kufika. Hata leo nikitaka kumfundisha mtoto kutazama kikapu, namwekea msimu ule.

Februari 16, 2009, siku ambayo Hasheem alitimiza miaka 22, Connecticut ikiwa namba moja nchini, Pittsburgh walikuja Hartford. DeJuan Blair wao alikuwa mfupi kuliko Hasheem kwa zaidi ya nusu futi. Mapema kabisa mikono yao ilinasana wakigombea ribaundi, Blair akavuta, na jitu lile likapinduka juu ya bega lake na kuanguka sakafuni. Watu wanalikumbuka tukio hilo. Mimi nakumbuka yaliyofuata. Kabla mpira haujarushwa, Blair alikuwa ameshaweka nyonga yake kwenye mapaja ya Hasheem na kumsukuma hatua mbili nje ya mahali pake. Akisogezwa hatua mbili, urefu wake unalinda sehemu isiyo na kitu. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Hasheem pointi 5 na ribaundi 4, Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Safu yangu ya tano ilikuwa na vishale vitatu. Usiku huo nikaanza kutazama miguu kwanza, mikono baadaye.

Siku chache kabla ya mechi hiyo Connecticut walikuwa wamempoteza Jerome Dyson, aliyeumia goti na kukosa msimu uliobaki. Hapo ndipo mimi na mwalimu tulipobishana kweli kweli. Kipimo rasmi cha timu za vyuo wakati ule, RPI, kilikuwa kinatumika tangu 1981: robo moja ushindi wako, nusu ushindi wa wapinzani wako, robo ushindi wa wapinzani wa wapinzani wako. Hakikuuliza umeshinda kwa pointi ngapi. Kilikuruhusu kupanda kwa kupanga ratiba kwa ujanja tu. Na hakikujua kama Dyson yumo au hayumo. Mwalimu alitetea namba zake za friji, kwamba zina uadilifu kuliko macho. Nilikubali kuhusu ubora wa kufunga na kuzuia. Kuhusu Dyson sikukubali, kwa sababu zile mechi za Novemba na Desemba zilizobeba sehemu kubwa ya hesabu zilichezwa na timu ambayo Machi haikuwepo tena. Kipimo kipya, NET, kilichochukua nafasi ya RPI mwaka 2018, kimeingiza ufanisi wa kila zamu, nami nakipenda zaidi. Goti la mtu bado halimo.

Usiku wa Machi 12 nilikuwa kazini. Bibi mmoja ambaye usingizi ulikuwa umemkimbia aliomba tukae naye mbele ya televisheni, na kwenye televisheni walikuwa Connecticut na Syracuse, Madison Square Garden. Dakika za nyongeza zilikuja mara moja, mara mbili, mpaka mara sita. Nilipokuwa nikienda kuwageuza wazee vitandani, bibi yule alinishikia daftari na kuniwekea vishale kwa mkono unaotetemeka. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano, Hasheem akiwemo, na kuanzia hapo safu ya tano ikabaki tupu mpaka mwisho, saa saba na kitu usiku, Syracuse 127, Connecticut 117. Ukurasa huo una miandiko miwili.

Hata hivyo Connecticut walifika nusu fainali ya taifa Detroit, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Mwezi Juni Memphis Grizzlies wakamchagua Hasheem wa pili, baada ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry wa chuo kidogo cha Davidson, aliyeongoza vyuo vyote kwa kufunga msimu ule, alikuwa wa saba. Nilimpigia kaka simu nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba Memphis wamechagua sawasawa. Februari iliyofuata wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini.

Iliniuma sana, na nilirudi kwenye daftari nikatafute nilipokosea. Vishale vilikuwa vya kweli. Nilichosahau ni kuandika juu ya ukurasa vilihesabiwa wapi. Kwenye mpira wa vyuo, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya goli lake muda wote apendao. NBA, tangu 2001, hawezi kukaa pale zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu. Yule mlinzi aliyekuwa anainua macho na kumkuta Hasheem chini ya goli, kule angemkuta bado yuko njiani anarudi. Ningeisoma kanuni hiyo kabla, ningeongea na kaka kwa tahadhari. Tangu hapo simpimi mchezaji bila kujiuliza sheria ya pale inamruhusu kusimama wapi.

Mwalimu, Mungu amrehemu, hakuiona miaka hii ambayo wachezaji wanahama chuo kila majira na timu ya Novemba inakuwa ya watu wanaofahamiana majina tu. Kazi ya kuzipima timu imekuwa ngumu, na Januari ndipo ninapoanza kuandika kitu ninachokiamini.

Mimi nilisharudi nyumbani. Machi 2024, usiku wa manane, mimi na kaka tulikaa sebuleni kwake na simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, Connecticut wakicheza na Illinois kutafuta nafasi ya nusu fainali. Walikuwa sare, 23 kwa 23. Kisha Connecticut wakafunga pointi 30 mfululizo bila kujibiwa. Chini ya goli alisimama Donovan Clingan, kijana wa hapo hapo Connecticut, futi 7 na inchi 2. Mechi iliisha 77 kwa 52. Kulipokucha nikasoma takwimu: bloku 5, na chini yake mstari ambao enzi zangu haukuandikwa popote, kwamba mitupo yote ambayo Illinois waliirusha Clingan akiwa mbele yao, 19, hakuna hata mmoja ulioingia.

Nilimsomea kaka mara mbili. Akaniuliza kama lile daftari la Hasheem bado ninalo. Nililileta mchana, akaliweka juu ya meza na kuvihesabu vishale kwa kidole, mechi baada ya mechi, bila kusema neno. Alipofika Februari 16 kidole kikasimama. “Hapa mbona vitatu tu, dada?” Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza habari za nyonga ya DeJuan Blair.