Kuhamisha Njia ya Kyalami

Katika michezo ya kompyuta umo mmoja uigao mashindano ya motokaa kwa uangalifu mkubwa, hata uzito wa petroli, joto la matairi na mteremko wa barabara huhesabiwa. Wapenzi wa mchezo huu hawatosheki na njia za mashindano walizopewa na watengenezaji. Hujenga njia zao wenyewe, wakazigawa bure kwa wenzao. Walakini kila toleo jipya huja na desturi zake, na njia iliyojengwa kwa toleo la zamani husimama mlangoni kama mgeni asiyejua lugha ya mji. Hapo ndipo ahitajikapo mhamishaji. Mimi nilikuwa mmoja wa wahamishaji hao wakati wa masomo yangu, na katika kazi hiyo nilitenda kosa ambalo napenda kulikiri hapa.

Michezo miwili niliyoishughulikia ilikuwa ndugu wa tumbo moja. Yote ilitengenezwa na nyumba ya Image Space Incorporated ya Marekani: F1 Challenge '99-'02, iliyotolewa mwaka 2003, na rFactor, iliyotolewa mwaka 2005. Kwa mchezo wa kwanza nilikuwa na njia ya Kyalami, ya karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, iliyojengwa na mpenzi mmoja wa mbio ambaye sikumjua. Haikuwa Kyalami ya leo. Ilikuwa ile ya kale, iliyofunguliwa mwaka 1961, yenye urefu wa kilomita 4.1, ambayo tangu 1967 hata 1985 ilipokea mashindano makubwa ya dunia. Hapo ndipo tarehe 2 Januari, 1967, John Love wa Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe, alipokaribia kuwashinda mabingwa wa Ulaya kwa gari dogo lililokwisha pitwa na wakati. Zikiwa zimebaki duru chache alilazimika kusimama kutia petroli, na ushindi ukamwendea Pedro Rodríguez wa Meksiko. Baadaye njia hiyo ilivunjwa, na mashindano yaliporudi mwaka 1992 yalikimbiwa katika njia ya umbo jingine. Basi atakaye kuteremka leo ule mnyoosho mrefu wa zamani kuelekea kona ya Crowthorne hana budi kuteremka ndani ya kompyuta.

Nilidhani kazi ingekwisha kwa usiku mmoja. Usiku wa kwanza niliweka motokaa yangu juu ya lami, nayo ikazama ardhini kama jiwe kisimani. Toleo jipya lilitaka kila kipande cha ardhi kitajwe katika orodha ya mandhari kuwa ndicho cha kupimia kimo cha gurudumu. Kisipotajwa, huonekana kwa macho lakini hakibebi kitu. Niliporekebisha hayo, lami iliteleza kama majani mabichi. Jina la rangi iliyopakwa barabara halikupatana na jina lililoandikwa katika jedwali la nyuso, na mchezo huamua mshiko wa tairi kwa jina, si kwa sura. Kisha saa ilikataa kuhesabu, kwa kuwa malango yasiyoonekana ya mwanzo, ya vipande vya duru na ya kuingilia mahali pa mafundi hayakuwepo.

Jambo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ndilo lililonifundisha zaidi. Washindani waendeshwao na kompyuta hawaioni barabara kama tuionavyo; hufuata mfululizo wa nukta zilizotiwa njiani. Nilikata shauri kuziweka upya nukta hizo, na namna ya kuzipata ni mtu kuendesha mwenyewe, duru baada ya duru, programu ikiziandika. Umbo la njia huweza kubebwa kwa zana, lakini mwendo wake haubebeki. Sharti uendeshwe tena na mtu.

Katika juma la tatu kazi ilitimia. Nikaigawa kwa wenzangu ikiwa na jina langu. Karatasi ya maelezo ya mjenzi wa kwanza niliiacha nje, nikijidanganya kwamba taabu yangu ilitosha kunipa haki. Mwenzangu mmoja wa chuoni aliicheza siku mbili, akaisifu, halafu akaniuliza bila hila:

"Ndugu yangu, kona hii ya Jukskei uliipima wapi, na njia yenyewe haipo tena?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebeba mzigo mpaka sokoni, nikajiita mkulima.

Usiku ule niliitoa kazi yangu mahali nilipoigawia, nikamwandikia mjenzi, kwa kuwa anwani yake ilikuwamo katika karatasi niliyoificha. Jibu lake lilikuja baada ya siku tisa. Hakunitukana. Alisema kwamba njia ile ilimgharimu miaka miwili. Aliipima kwa picha kuukuu na ramani, na palipokosekana picha alitumia kumbukumbu ya utotoni, baba yake alipokuwa akimchukua kukaa naye jukwaani. Alinipa ruhusa, kwa sharti moja tu, jina lake lirudishwe.

Niliisoma barua hiyo kwa mioyo miwili. Kyalami ni neno la Kizulu lenye maana ya nyumbani kwangu, na msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja, kwa sababu kaya ni neno letu pia. Lakini katika miaka ile niliyokuwa nikiihamisha, Afrika Kusini ilitawaliwa kwa ubaguzi, na sheria ya mwaka 1953 iliruhusu mahali pa watu wote pagawanywe kwa rangi. Jukwaa alilokumbuka mtoto yule kwa mapenzi, mtoto wa rangi yangu asingekaribishwa kukaa kando yake. Je, nilivunje katika mchezo? Nilijaze watu ambao hawakuruhusiwa kuwako? Niliona kwamba la kwanza lingekuwa wizi wa pili juu ya mjenzi, na la pili lingekuwa uongo juu ya wale waliofungiwa mlango.

Niliacha kila jiwe mahali pake, nikaandika karatasi mpya yenye sehemu tatu. Ya kwanza ilitaja jina la mjenzi na ruhusa yake. Ya pili ilieleza nilichobadili na nisichobadili. Ya tatu ilisema njia hii ilikuwa ya miaka gani, na chini ya sheria gani watu waliitazama. Nikampelekea kabla ya kuigawa tena. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba sehemu ya tatu alipaswa kuiandika yeye mwenyewe zamani.

Tangu hapo nimehamisha njia nyingine nne. Kila mara huanza na karatasi, kisha barabara.