Kabla Hatujaondoa Vitufe



Leo sijaja na mahubiri. Nimekuja na habari ya vitufe vya laptopu. Najua kuna atakayesema mchungaji ameishiwa, lakini nivumilie, kwa sababu jambo hili limefika kwenye kamati ya kanisa, limewagawanya vijana na wazee, na katikati yao yuko dada yetu mmoja ambaye kazi yake itategemea tutakavyoamua.

Jambo lenyewe ni hili. Ndugu yetu aliyeko Marekani amejitolea kuinunulia ofisi laptopu mpya, Mungu ambariki. Anayoitaka yeye ni ya kisasa kabisa. Ukiifungua hukuti kibodi, unakuta vioo viwili, kimoja juu, kimoja chini. Kibodi inajichora kwenye kioo cha chini unapoihitaji, na usipoihitaji inafutika. Vijana wa mitambo wameshangilia. Wanasema kioo hicho kitawasaidia kupanga nyimbo na kuchanganya sauti kwa kidole. Wazee wameuliza swali moja tu: kioo hicho kikipasuka, nani hapa Eldoret atakitengeneza, na kwa pesa ngapi? Katibu wa ofisi hakusema lolote. Yeye haoni.

Wengi mnamfahamu kwa sauti yake, maana ndiye husoma matangazo Jumapili akipitisha vidole kwenye karatasi ya breli. Wachache mmewahi kumwona akichapa. Anakaa, anaweka vidole kwenye kibodi, anavisogeza kidogo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, halafu vinatulia. Kuanzia hapo haachi mpaka kumbukumbu za mkutano ziishe. Programu ya kompyuta inamsomea kwa sauti alichoandika, kwa kasi ambayo masikio yangu hayawezi kuifuata. Mimi nina macho mawili mazima na bado nachapa kwa vidole viwili, kichwa chini kama kuku anayedonoa.

Anachotafuta mwanzoni ni vinundu. Chukua kibodi yoyote iliyo karibu nawe upapase herufi F na J. Utakuta kila moja ina kinundu kidogo, ambacho pengine hujawahi kukitambua. Kama huna kompyuta, chukua kabambe ya nyanya yako upapase namba 5. Kinundu hicho kinamwambia asiyeona, na hata anayeona lakini hatazami, kwamba hapa ndipo nyumbani, na herufi nyingine zote utazipata ukianzia hapa.

Kioo hakina nyumbani. F na mahali patupu pana ulaini uleule.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu vijana wangu wanadhani shida ni mazoea ya wazee tu. Kitufe kinakuruhusu kufanya mambo mawili tofauti: kukigusa, kisha kukibonyeza. Unaweza kukiwekea kidole ukatulia, ukajua ni chenyewe, ukafikiri, ndipo ukabonyeza. Kuna nafasi katikati, ndogo sana, lakini ipo. Kioo cha kugusa hakina nafasi hiyo. Kinafanya kazi kwa umeme mdogo ulio juu yake. Kidole kikifika, umeme unabadilika mahali pale, na mashine inahesabu kwamba umeamuru. Kugusa na kuamuru vimekuwa kitu kimoja. Sasa mtu ambaye kugusa ndiko kuona kwake, atatazamaje bila kuamuru?

Hapa ndipo nilipomkumbuka yule mama wa Marko sura ya 5, aliyetokwa na damu miaka 12. Umati ulikuwa ukimsonga Yesu kila upande, na bado aliuliza ni nani amemgusa, mpaka wanafunzi wakamshangaa. Watu wote wale walikuwa wamempapasa kwa bega na kiwiko. Yeye alijua mmoja tu ndiye aliyemgusa kwa kukusudia. Mashine haina utambuzi huo. Kiganja kilichopita kwa bahati mbaya na kidole kilichotumwa, kwake ni watu wawili wenye haki sawa.

Tumeliona hilo sisi wenyewe kwenye kesha. Tuliazima laptopu yenye ukanda wa kugusa juu ya kibodi, mahali vinapokaa vile vitufe vya sauti na mwanga. Chapa yake sitaitaja. Kijana alinyoosha mkono kuchukua maji, kiganja kikapita juu ya ukanda, na kwaya ikanyamaziwa na spika katikati ya wimbo. Kurudisha sauti kulichukua muda, kwa sababu gizani ilibidi ainame atafute kwa macho mchoro wa spika uliokuwa umeshabadilika kuwa mchoro wa kitu kingine.

Wenye viwanda nao wameipitia njia hii na wengine wamerudi. Lenovo waliweka ukanda wa kugusa badala ya vitufe vya juu kwenye ThinkPad X1 Carbon ya mwaka 2014, na mwaka uliofuata wakarudisha vitufe. Apple walileta ukanda wao kwenye MacBook Pro mwaka 2016, mpaka kitufe cha Esc kikawa mchoro. Watu walilalamika. Mwaka 2019 Esc ya kubonyeza ikarudi, na mwaka 2021 laptopu zao kubwa zikatoka na safu nzima ya vitufe kama zamani. Dell nao wakajaribu mwaka 2022 kwenye XPS 13 Plus. Sisemi kwamba kilichoachwa na Apple ni kibaya milele. Nasema tu kwamba watu wenye mahela na wataalamu kama hao walipokuwa wakijaribu, wanunuzi walikuwa wanalipia jaribio.

Tena kuna mahali ambapo gharama haikuwa pesa. Tarehe 21 Agosti 2017, manowari ya Marekani iitwayo USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Mitambo ya kuongoza manowari ile ilikuwa ya skrini za kugusa. Alfajiri ile mabaharia walihamisha sehemu ya uongozaji kutoka kituo kimoja kwenda kingine, wakachanganyikiwa ni nani ameshika nini, wakadhani usukani umekufa. Wachunguzi walilaumu sana mafunzo duni na usimamizi, na ni haki kulisema hilo. Skrini haikuwa chanzo pekee. Lakini ilikuwa ndani ya hesabu. Mwaka 2019 jeshi hilo la majini likatangaza kwamba litarudisha mikono ya kushika ya kuongezea na kupunguza mwendo kwenye manowari za aina hiyo. Mabaharia waliponena, walitaka kitu wanachoweza kukishika.

Ofisi yetu si manowari, najua. Kumbukumbu zikikosewa hakuna atakayezama. Lakini mtu anaweza kupoteza kazi polepole, bila ajali, kwa sababu tu chombo kimebadilishwa chini ya mikono yake.

Na tusiongee kana kwamba vioo ni habari ya mbali. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza Kenya nzima waliahidiwa laptopu. Ilipofika 2016 na vifaa kuanza kugawanywa, wanafunzi walipata tableti za kugusa, na laptopu zikawa za walimu. Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu huyu, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi ya vifaa hivyo, na vilivyogawanywa nchini vilizidi milioni moja. Kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajui kusoma, naona kioo kilifaa. Anaona picha ya ng'ombe, anaigusa, ng'ombe analia. Ungempa kibodi angefanya nini nayo? Ila watoto wale wamekua. Ninawaona hapa kanisani, wepesi wa kuteleza kidole kuliko sisi sote, lakini mwambie mmoja achape barua ya kuomba kazi kwa kompyuta uone anavyohangaika kutafuta herufi.

Upande mwingine wako mama zetu wa Moiben na Ziwa, wa jembe na kukamua. Vidole vyao vimekuwa vigumu na vikavu, na kioo cha simu mara nyingi hakivitambui. Mama anagusa mara tatu, simu imenyamaza. Ya nne inafungua kisichotakiwa. Juu ya hapo ongeza baridi yetu ya Julai na mikono yenye maji. Ndiyo maana mama huyo ana simu janja aliyotumiwa na mwanawe, lakini pesa za M-Pesa anazitumia kwa kabambe. Msimcheke. Kabambe inamsikia.

Sasa niwatendee haki vijana. Yule anayetumia kioo hajakosea, na si kweli kwamba kioo ni adui wa wasioona. Tangu mwaka 2009 iPhone zimekuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kidole kinapopita, na hainenda mpaka ugonge mara mbili. Yaani waliotengeneza walilazimika kurudisha ile nafasi kati ya kugusa na kuamuru. Simu za Android nazo zina ya kwao. Katibu wetu mwenyewe hutumia simu ya namna hiyo kusoma jumbe zenu za usiku wa manane (kuna watu nawafahamu). Kwa kusoma na kuchagua, inamtosha. Kwa kuandika kurasa 6 za mkutano mkuu, herufi moja moja ikisomwa kabla ya kukubaliwa, ni sawa na kuteka maji ya pipa kwa kijiko.

Kijana mmoja, mkali wa hoja, aliniambia, "Pasta, si tumnunulie kibodi ya kuchomeka pembeni?" Hoja nzuri, na nimeilalia usiku mzima. Kibodi ya kuchomeka si ghali. Lakini nikamuuliza: kama ili kazi ifanyike ni lazima tununue kibodi, kwa nini tulipe zaidi kwa laptopu iliyoondolewa kibodi? Dada huyu hubeba laptopu kwenye mikutano ya nyumbani, kutoka Langas mpaka Kapsoya, huandika ameiweka mapajani kwenye matatu. Atabeba na kibodi ya pili, na siku ikisahaulika au betri yake ikiisha, basi siku hiyo hana kazi. Sisi tutakuwa na laptopu inayotufaa sote isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayeitumia kila siku.

Mwingine akasema kioo cha sasa hutetema kidogo ukikigusa, kwa hiyo utahisi. Nimekijaribu. Hutetema baada ya kuamuru. Kinakupa habari ya kilichokwisha kutendeka. Isaka alipofifia macho alimpapasa mwanawe kabla ya kumbariki, na hata hivyo akadanganywa kwa ngozi ya mbuzi. Fikirieni kama angeambiwa apapase baada ya baraka kutoka!

Nilimwita katibu nikamuuliza mwenyewe, kwa maana tulikuwa tumejadili mikono yake wiki mbili bila kumuuliza. Akanijibu kwa utaratibu wake, "Pasta, mkileta kioo nitajifunza. Nimejifunza mengi. Lakini mtaningoja?" Sikuwa na jibu la haraka. Tunajua sote jinsi tunavyozitaka kumbukumbu Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo Alhamisi nitaieleza kamati msimamo wangu, nanyi muusikie mapema ili mje na hoja. Nitamwomba ndugu yetu wa Marekani, kwa heshima yote, atutumie laptopu ya kawaida yenye kibodi kamili, vinundu na safu ya juu ya vitufe vya kubonyeza, ambayo skrini yake pia inakubali kuguswa. Ziko, si za ajabu, na mara nyingi zina bei ya chini. Vijana watagusa juu, dada atabonyeza chini. Akiona ni vyema kutoa kiasi kilekile, tofauti itanunua kibodi chache za darasa la Jumamosi.

Darasa hilo halingoji kamati. Katibu amekubali kuwafundisha watoto wa sekondari msingi kuchapa bila kutazama, na ninyi wakubwa mnaodonoa kama mimi mnakaribishwa. Ni saa tatu asubuhi, ukumbi wa nyuma. Mwenye kibodi kuukuu inayofanya kazi ailete, hata kama herufi zimefutika, maana hatutazihitaji. Kila mmoja aje na leso au kitambaa cha kufunikia mikono.